Nyumba ya Bondeni Hupangwa kwa Kuondoka

Masika ikikaribia, watu huniuliza begi langu la dharura lina nini. Begi lipo, nitalieleza. Ila kwa sisi tunaoishi kandokando ya Mto Msimbazi, kinachotuponza ni friji. Ni cherehani, godoro jipya, runinga ambayo mkopo wake haujaisha. Maji yakianza kuingia uani mtu husimama mlangoni akipiga hesabu ya vitu vyake, na hesabu hiyo humchelewesha mpaka njia inajifunga. Kwa hiyo nyumba yangu ya Kigogo nimeipanga kwa lengo moja tu: siku ya kutoka, tutoke bila kubishana.

Kwanza ni kuyajua maji yenyewe. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, ukapita katikati ya jiji la Dar es Salaam hadi baharini pale daraja la Selander. Maana yake unaweza kuwa umeanika nguo huku jua likiwaka, kumbe Pugu imenyesha tangu alfajiri na mto uko njiani kukufuata. Tena kukiwa na bamvua, bahari ikijaa, maji ya mto hayapati pa kutokea. Yanarudi na kutanda Jangwani. Mimi nikisikia mvua kubwa nauliza pia mwezi una siku ngapi. Wazee wa pwani walijua kuhesabu hivyo zamani sana, na hesabu yao bado inafanya kazi.

Halafu nafuata Mamlaka ya Hali ya Hewa. Taarifa zao zina rangi: njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Kwangu njano ni kuchaji simu na taa ya sola, basi. Chungwa, mama yangu na watoto wanalala Mabibo kwa dada yangu jioni ileile, hata kama mbingu ni nyeupe. Wapo wanaonicheka mvua isipokuja. Nawaacha wacheke, wenye kumbukumbu ya Desemba 2011 hawacheki. Mvua ile ilielezwa kuwa kubwa kuliko zote Dar es Salaam tangu 1954, ikaua watu zaidi ya 40, na wakazi wengi wa bondeni wakahamishiwa Mabwepande.

Sisi watu wazima tunaobaki tuna mstari. Nimeupaka rangi nyekundu kwenye ukuta wa choo cha nje, chini kidogo ya usawa wa kizingiti cha mlango. Maji yakiugusa, tunatoka, iwe saa nane ya mchana au saa nane ya usiku. Faida ya mstari ni kwamba hauna huruma wala ubishi. Bila huo, baba watoto atasema yatapungua, mimi nitasema ngoja kidogo, na maji yanayokimbia yakifika magotini yanamwangusha hata mwanamume aliyeshiba.

Sasa vitu. Friji inakaa juu ya matofali ya inchi sita mwaka mzima, si wakati wa mvua tu. Fundi alitujengea shubaka refu la zege karibu na dari. Nguo za msimu, mashuka na cherehani vinaishi huko. Soketi tulizihamisha zikapanda juu usawa wa kifua. Vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, nakala za vitambulisho vya NIDA na karatasi za kiwanja vimo kwenye ndoo ya rangi ya lita 20, ile yenye mfuniko unaobana. Ndoo haipitishi maji, ina mkono wa kushika, na ikikuponyoka inaelea. Karatasi zote nimezipiga picha na kumtumia dada. Hati halisi za nyumba hazikai bondeni kabisa. Ziko kwake Mabibo, chini ya kitanda, na anajua nikizifuata nitakuja na njaa ya pilau.

Jambo lililonichukua muda mrefu kulipanga ni watoto. Mimi nashinda Kariakoo. Mvua ikiwa kubwa, Barabara ya Morogoro inafungwa pale Jangwani, magari hayapiti, na mtandao wa simu nao huzidiwa. Hapo mama aliyeko upande huu hana namna ya kumfikia mtoto aliye upande ule. Tumekubaliana hivi: kukinyesha sana saa za shule, hakuna mtoto anayerudi nyumbani. Jirani yangu anayekaa juu, karibu na shule, anawachukua wangu na wake kwa pamoja, na mwalimu wa darasa ana jina lake kwa maandishi. Nami sikimbilii kuvuka. Nabaki upande niliopo hadi maji yapungue. Namba za watu watatu watoto wamezikariri kichwani, kwa sababu simu yenye namba zote ikilowa ni kipande cha kioo tu.

Wezi je? Hili ndilo linalowafanya wanaume wengi wapande juu ya bati badala ya kuondoka. Mtaani kwetu tuliliongea kwa mjumbe wa shina: vijana wa nyumba za juu wanalinda njia ya kuingilia, nasi tunachangia chai na kitu kidogo. Vijana hawa wanajulikana kwa majina na kwa mama zao, na ulinzi wa namna hiyo kufuli haliuwezi.

Kabla ya kufunga mlango nazima mein swichi, mradi nimesimama pakavu. Kama maji yameshaifikia, siigusi. Mtungi wa gesi naufunga, nachomoa rejeta, naufunga kwa kamba kwenye nondo za dirisha, maana mtungi ukielea unagonga kila kitu.

Na begi: dawa za presha za mama za wiki nzima, tochi, redio ndogo ya betri, pedi, maji, biskuti, khanga mbili, na fedha taslimu za noti ndogondogo. Mtandao ukilala, salio la kwenye simu haliwezi kukupandisha bodaboda. Namba 114 ya Zimamoto na 112 ya Polisi zimeandikwa kwa kalamu ndani ya mfuniko wa begi.

Kurudi kuna hatari zake. Maji ya mafuriko yamepita kwenye vyoo vya watu wote wa bonde. Umeme hauwashwi mpaka fundi akague. Maji ya kisima hatuyanywi; tunanunua au tunachemsha hadi yatokote hasa. Watoto hawachezi kwenye tope, na anayezoa tope anavaa buti. Nina pakiti za ORS, kila moja kwa lita moja ya maji safi, na zikiisha najua kipimo: vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kufuta juu, kwa lita ileile. Anayeharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele hasubiri kesho. Huyo anapelekwa kituo cha afya saa hiyohiyo, akinyweshwa njiani.