Pedali ya vifundo vitatu, au ile ya sauti nyingi?

*Mzee, mimi napiga gitaa la solo hapa Nyangwe. Jumapili tuko kanisani, Jumamosi tunaitwa kwenye arusi, mpaka Kasongo. Tunapiga kwa jenereta, siku nyingine kwa betri ya sola. Kikundi kimenipa pesa ninunue pedali ya draivu, na mfanyabiashara anayekwenda Bukavu ataniletea. Mimi nataka ile ya programu, yenye draivu za kila aina na kumbukumbu. Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, anayepiga ridhimu na ndiye kiongozi wetu, anataka ya vifundo vitatu tu. Anasema nataka kujionyesha. Sasa mazoezi ni ya kununiana. Pesa ni ya wote, naogopa kukosea. Nifanye nini?*
*— Mpiga Solo, Nyangwe*

Mdogo wangu,

Nunua ya vifundo vitatu. Nakupa jibu mapema kwa sababu msafiri hasubiri, lakini soma na sababu zake, maana bila hizo utamtii yaya wako huku moyoni unanung'unika.

Tuanze na muziki wenyewe. Rumba ya Kongo, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2021, inasimama juu ya magitaa yanayopishana: ridhimu inashika, mi-solo, gitaa la kati, inajibu, solo inapanda juu yao. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, mtu wa Maniema kama wewe, alihamia Dar es Salaam mwaka 1978 na huko akaipa sifa bendi ya Super Matimila. Tafuta albamu yao ya mwaka 1989, *Songs for the Poor Man*, usikilize magitaa tu. Kila moja lina nafasi yake, na hakuna linalomfunika mwenzake.

Draivu inaweza kuivuruga nafasi hiyo. Kazi yake ni kukata vilele vya wimbi la sauti. Ukikata kidogo, noti inanenepa na kudumu. Ukikata sana, ule mlio mkali wa mwanzo, kidole kinapouachia uzi, unafifia. Kwenye sebene, ile sehemu ya wimbo ya kuchezea, noti zinakwenda mbio, na mlio huo ndio unaowachezesha watu. Tena draivu nyingi hutapakaa hadi kwenye eneo la ridhimu. Kwa hiyo huenda yaya wako analilinda gitaa lake lisizame, ila amelisema hilo kwa maneno yaliyokuumiza.

Unachohitaji ni msukumo wa kukutoa mbele zamu ya solo ikifika, kisha urudi. Ibanez Tube Screamer, ile ya kijani, ina tabia hiyo: inapunguza besi na kuinua sauti za kati, kwa hiyo solo inasikika bila kugombana na besi wala ngoma. Weka draivu chini na sauti juu. Boss DS-1, ya rangi ya chungwa, iliyotoka mwaka 1978, ni kali zaidi. Kwa sebene si ya kuanzia. Nakala za bei nafuu za ile ya kijani ni nyingi, na nyingine zinafanya kazi vizuri, kwa kuwa sakiti yake si ngumu.

Sababu ya pili ni umeme. Pedali kama hiyo hula miliampea chache tu, na betri ya volti 9 huiendesha kwa saa nyingi. Za programu mara nyingi hudai miliampea 100 hadi 300. Jenereta ikizima na kurudi, nyingi zinahitaji muda wa kuwaka upya huku bibi arusi yuko njiani. Ukitumia sola, usiiunganishe pedali ya volti 9 moja kwa moja na betri ya volti 12. Angalia pia adapta: pedali nyingi zinataka hasi katikati, na adapta nyingi za sokoni zina chanya katikati. Ukimaliza kupiga chomoa waya wa gitaa, maana ukibaki ndani betri inaendelea kuliwa.

Sababu ya tatu ni fundi. Swichi, soketi, dayodi na kapasita ni vitu ambavyo fundi redio anavijua na anaweza kuvichomelea. Ya programu ikifa chipu, kuipata nyingine ni safari, na pesa ya kikundi imelala.

Hata hivyo, ulichotamani si upuuzi. Kama hamna ampli ya gitaa na unachomeka moja kwa moja kwenye miksa, draivu hutoka kwenye bafle ikiwa kali na yenye kukwaruza. Pedali nyingi za programu zinaweza kuiga spika ya gitaa, na hapo zina faida ya kweli. Ukiwa na ya kawaida, punguza kifundo cha toni, kisha mwambie mwenye miksa akate sauti za juu kwenye laini yako. Na kama kikundi kinapiga mitindo mingi usiku mmoja, kumbukumbu zitakufaa. Jipime kabla msafiri hajaondoka: kwenye arusi ijayo, andika kila mahali ulipokosa sauti ambayo draivu moja isingekupa. Zikiwa nyingi, nitakubali kwamba nimekosea kwako, na karatasi hiyo uipeleke kwa yaya.

Nenda kwake kabla ya mazoezi, si mbele ya wenzenu. Usianze na pedali. Muulize anataka gitaa lake lisikike vipi solo inapopanda, umwache amalize. Kisha mwombe pedali ikifika mkae wawili, yeye apige ridhimu na wewe ugeuze vifundo, hadi mahali ambapo wote mnasikika. Mahali hapo pawekeeni alama kwa kalamu juu ya pedali. Mwisho, waambie wanakikundi wote mnanunua nini, kwa bei gani, na kwamba pedali ni yao hata siku utakapohama. Pesa ya wote ikishazungumzwa na wote, hofu uliyoniandikia haitakuwa yako peke yako.