Muswada Ukiwa Bungeni, Wewe Uko Wapi?

Hebu turudi nyuma kidogo, hadi mwaka 2018. Chukulia dada mmoja wa kidato cha tatu, umri wake miaka 16. Ana wasiwasi na afya yake. Anajikaza, anakwenda kituo cha afya, anaomba apimwe virusi vya UKIMWI. Mhudumu anamwuliza, "Mzazi wako yuko wapi?" Dada anaona aibu. Anarudi nyumbani na wasiwasi wake uleule.

Mhudumu hana roho mbaya. Anafuata Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008, ambayo ilitaka aliye chini ya miaka 18 apimwe kwa ridhaa ya mzazi au mlezi. Lakini Novemba 2019 Bunge la Tanzania lilipitisha marekebisho. Umri ule ukashushwa kutoka miaka 18 hadi 15, na watu wakaruhusiwa kujipima wenyewe.

Namba moja tu imebadilika, lakini kwa dada yule ni jambo kubwa! Je, namba kama hiyo hubadilishwaje? Tufuatane.

Hatua ya 1: Wazo linaandikwa
Sheria ikiwa bado ni pendekezo inaitwa muswada. Miswada mingi hutoka serikalini: wizara inatoa wazo, Baraza la Mawaziri linakubali, wanasheria wa Serikali wanaandika. Mbunge naye anaweza kuleta muswada wake binafsi. Muswada huchapishwa katika Gazeti la Serikali ili watu wauone.

Hatua ya 2: Kusomwa mara ya kwanza
Usidhani unasomwa wote! Kinachosomwa ni jina lake tu. Hakuna mjadala siku hiyo. Spika anaupeleka kwenye kamati inayohusika.

Hatua ya 3: Kamati
Hapa fungua macho, maana ndipo mlango wa wananchi ulipo. Kamati ni kundi dogo la wabunge wanaouchambua muswada kifungu kwa kifungu. Wanaita wadau: madaktari, walimu, viongozi wa dini, mashirika, wazazi, na vijana pia. Unaweza kufika mwenyewe au kupeleka maoni kwa maandishi.

Maoni mazuri hayasemi tu "hatutaki" au "tunaunga mkono". Yanataja kifungu, yanasema kina tatizo gani, kisha yanapendekeza maneno mengine. Kwa mfano: "Kifungu hiki kinasema miaka 18. Tunapendekeza 15, kwa sababu kijana anayechelewa kupima anachelewa pia kuanza dawa." Maoni ya namna hiyo mbunge anaweza kuyatumia moja kwa moja.

Tatizo ni muda. Muswada ukija kwa hati ya dharura, hatua hizi zinakwenda haraka sana na nafasi ya wananchi inakuwa finyu. Ndiyo maana kikundi kinachosubiri kusikia habari redioni mara nyingi kinakuta mambo yamekwisha.

Hatua ya 4: Kusomwa mara ya pili
Sasa ndiyo mjadala wenyewe. Waziri anaeleza sababu za muswada, kamati inatoa maoni yake, wabunge wanachangia. Baadaye Bunge linakaa kama Kamati ya Bunge Zima na kupitia ibara moja baada ya nyingine. Mbunge anayetaka kubadili neno au namba analeta jedwali la marekebisho. Wananchi hawaruhusiwi kusema hapa. Kama hukumfikia mbunge mapema, unabaki kusikiliza tu.

Hatua ya 5: Kusomwa mara ya tatu
Wanaoafiki wanasema "ndiyo", wasioafiki wanasema "siyo". Wengi wakiafiki, muswada umepita.

Hatua ya 6: Rais
Kumbe bado si sheria! Mpaka Rais autie saini. Anaweza pia kukataa na kuurudisha Bungeni pamoja na sababu zake. Kwa Katiba, Bunge likitaka kumpelekea tena kabla ya miezi 6, lazima liungwe mkono na theluthi mbili ya wabunge wote. Hapo Rais ana siku 21: asaini, au alivunje Bunge. Si mchezo!

Zingatia: afya si jambo la Muungano. Kwa hiyo Zanzibar miswada ya afya hupita kwenye Baraza la Wawakilishi.

Tangu mwaka 2021 Kiswahili kimewekwa kuwa lugha ya sheria zetu. Kwa hiyo usiseme "haya ni mambo ya wanasheria". Hata kama hujafikisha umri wa kupiga kura, hakuna anayekuzuia kusoma muswada na kuandika barua.

Fanyeni klabuni
1. Gawanyikeni makundi mawili. Kundi moja ni wazazi wanaosema, "Mtoto wa miaka 15 akipima peke yake, akikutwa na virusi nani atamfariji?" Kundi la pili ni vijana. Jibuni bila kudharauliana.
2. Ni jambo gani la afya shuleni kwenu linahitaji sheria, na lipi linahitaji tu mwalimu mkuu aambiwe?
3. Andikeni barua ya nusu ukurasa kwa mbunge wenu. Tajeni kifungu, tatizo na pendekezo. Kisha ipelekeni kweli!