Mafunzo Niliyopata Kati ya Nchiru na Embu

Nilizaliwa Embu, upande wa Manyatta, nikasomea kompyuta Nchiru, katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru. Sasa ni mhandisi wa programu, bado mchanga kazini. Vijana wa nyumbani wakiniuliza ni kitu gani kilinifungulia mlango, nawatajia viwili: mfumo endeshi wa Linux, na ukokotoaji sambamba, yaani kugawia prosesa nyingi kazi moja ziifanye kwa wakati mmoja.

1. Mambo mazito yanafundishika kwenye mashine duni.

Linus Torvalds alipoitangaza Linux mwaka 1991 alikuwa mwanafunzi Helsinki, mwenye kompyuta ya kawaida ya nyumbani. Tangu Novemba 2017, kompyuta zote 500 za orodha ya TOP500, zile zenye nguvu kupita zote duniani, zinaendeshwa na Linux. Kerneli yake, yaani kiini cha mfumo huo, imo pia katika simu ya Android ya kondakta wa matatu ya Meru. Kwa hiyo amri unazozizoea kwenye laptopu kuukuu ndizo utakazozikuta kwenye seva kubwa. Na bando likiisha, amri ya man bado inakufungulia kurasa za maelezo zilizohifadhiwa ndani ya mashine yenyewe. Kurasa hizo zilinifunza subira ya kusoma.

2. Tafuta sehemu isiyogawika.

Hili ndilo ninalolithamini zaidi. Mwaka 1967 mtaalamu wa kompyuta Gene Amdahl alieleza jambo ambalo mkulima wa kahawa wa Embu analijua kwa miguu yake. Kahawa ikiiva kwa wingi, waweza kuita wachumaji ishirini badala ya watano, na shamba likaisha kabla ya saa sita. Lakini kule kiwandani mizani ni moja na karani ni mmoja. Foleni haijali mlichuma upesi kiasi gani.

Chukua programu ambayo asilimia 10 ya kazi yake ni lazima ifuatane hatua kwa hatua. Prosesa 8 hazitaiongezea kasi mara 8, bali takribani mara 4.7. Weka elfu moja, na bado hutafika mara 10. Nimeona timu zikikodi seva ya bei ghali ilhali shida yote ilikuwa faili moja ambayo kila mchakato uliisubiri. Kwa kampuni changa, hiyo ni mishahara ya watu inayoteketea. Mimi huanza kwa kuitafuta mizani iko wapi, kisha ndipo nizungumzie seva.

3. Mashine zikizungumza mno, kazi inalala.

Mwaka 1994 Thomas Sterling na Donald Becker, wakiwa NASA, waliunganisha kompyuta 16 za kawaida zenye Linux wakazifanya zitende kazi kama moja, wakaiita Beowulf. Wazo hilo lilitutia moyo mimi na wenzangu. Tukaunganisha laptopu zetu kwa kebo na kuandika programu za MPI, njia ya mashine kutumiana ujumbe. Muda wa ujumbe mmoja kuvuka kebo unatosha prosesa kufanya maelfu ya hesabu. Basi tuma furushi kubwa la data mara chache, badala ya madogo mara nyingi.

4. Salio la mtu lilindwe kwa kufuli.

Mkulima ana shilingi 500 kwenye sacco. Uzi mmoja wa programu unamwongezea 200, mwingine 300, kwa wakati uleule. Zote mbili zimesoma 500 kabla ya kuandika, basi salio linabaki 700 au 800, badala ya 1,000. Kufuli huulazimisha uzi mmoja usubiri mwingine umalize kuandika. Kinachotisha ni kwamba majaribio yanaweza kupita mara nyingi bila kosa kuonekana. Ndiyo maana sikubali kuambiwa kwamba programu ya pesa ni salama kwa sababu tu imejaribiwa na ikafanya kazi.

5. Mahojiano ya kazi yanataka vipimo.

Kuandika kwenye wasifu kwamba unajua Linux hakutoshi. Andika programu moja, hata ya kuzidisha matriksi, uipime kwa uzi mmoja, kisha nyuzi mbili, nne, nane, halafu uchore grafu. Mahali mstari unapoanza kulala, chunguza sababu: je, ni kumbukumbu, ni kufuli, ni diski? Nenda na grafu hiyo kwenye mahojiano Nairobi, na wakikuuliza umefanya nini, anza kueleza kutoka pale mstari ulipolala.