Chapo Ndengu Bila Chapo: Kupika kwa Sh300 Ukingoja Pesa ya Matumizi

Ni Jumatano jioni na salio ni Sh300. Pesa za HELB hazijaingia, na nyumbani wamesema watatuma Jumatatu. Komredi yeyote aliyekodisha chumba karibu na Chuo Kikuu cha Machakos anaijua hesabu hii.

Tuseme kibandani sahani ya chapo ndengu ni Sh80. Kuanzia Alhamisi hadi Jumapili, sahani moja kwa siku ni Sh320. Umepita salio kwa Sh20 tu, na hapo ndipo wengi hubonyeza mkopo wa kumalizia malipo. Kumbuka jinsi mkopo huo unavyofanya kazi: pesa ikiingia tu, deni na ada zake hukatwa kwanza. Pesa ya Jumatatu inafika ikiwa imeshaanza kuliwa. Sisi tunaendesha huduma za malipo, lakini tunakwambia wazi: chakula cha siku nne si sababu nzuri ya kuanza deni kama sufuria iko na jiko liko.

Somo la 1: Kila kiungo kina kazi yake

Shida ya mapishi mengi ni kwamba yanakupa orodha ya kununua. Ukikosa kitu kimoja unaona umeshindwa, unarudi kibandani. Badala ya kuuliza "nina nyanya?", uliza "nyanya inafanya nini humu?" Katika mchuzi wa ndengu, nyanya huleta uchachu na uzito. Uchachu unaweza kuupata kwa limau au kipande cha embe bichi. Uzito unaupata kwa kuponda upawa mmoja wa ndengu zilizoiva kwenye ukingo wa sufuria. Nyanya mbili zinatosha pale mapishi yalipotaka tano.

Hebu tuendelee hivyo hivyo:

- Chapati. Kazi yake ni kushibisha na kuchovya mchuzi. Unga wa mahindi peke yake hautakupa chapati, kwa sababu hauvutiki kama wa ngano. Usipoteze unga kujaribu. Songa ugali, au chemsha viazi vitamu.
- Tui la nazi. Linalainisha ladha. Maziwa kidogo yanatosha, lakini yatie mwisho, moto ukiwa mdogo, na siku hiyo acha limau, la sivyo yatakatika.
- Nyama. Ndengu zenyewe zina protini. Kunde na mbaazi pia. Hivi ni vyakula vya Ukambani hasa, kwa sababu vinastahimili ukame, na katika soko la Marikiti utavikuta kwa wingi.
- Mafuta mengi. Kijiko kimoja kinatosha kukaanga kitunguu. Utamu mwingine utatoka kwa parachichi pembeni ya sahani.

Si kila kitu hubadilishwa ovyo. Ukiweka maharagwe mahali pa ndengu, yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha yachemshe kwa moto mkali angalau dakika kumi kabla ya kupunguza moto na kuyaacha yaive kabisa. Maharagwe mekundu yasiyoiva vizuri yanaweza kukutapisha na kukuendesha.

Somo la 2: Panga bei kabla ya kufungua simu

Huu ni mfano. Bei hubadilika na msimu, kwa hiyo weka bei za kwako. Tumechukulia chumvi na mafuta viko nyumbani.

- Ndengu nusu kilo: Sh90
- Unga wa mahindi kilo moja: Sh80
- Vitunguu: Sh20
- Nyanya mbili: Sh20
- Sukuma wiki: Sh20
- Parachichi: Sh20

Jumla ni Sh250. Hapo una sahani tano za ugali ndengu, yaani Sh50 kila moja: moja kwa kila siku na moja ya ziada. Sh50 iliyobaki isichezewe. Ndiyo ya ada, ya limau, na ya andazi la asubuhi.

Kuhusu ada: ukitoa pesa kidogo kidogo kwa wakala mara nne, unalipia ada mara nne. Toa mara moja, au lipa muuzaji moja kwa moja. Kama mama mboga mmoja ana vitu vitatu unavyotaka, mwambie ajumlishe ulipe mara moja. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea kwenye simu na kiasi ulichoandika. Sifuri moja ya ziada ni chakula cha wiki nzima.

Somo la 3: Pika kwa mpangilio

1. Loweka nusu ya ndengu asubuhi. Zitaiva haraka na utaokoa mafuta ya taa au gesi.
2. Chemsha hadi zilainike. Usitie nyanya wala limau mapema, maana uchachu huchelewesha ndengu kulainika.
3. Kaanga kitunguu kwa kijiko cha mafuta, tia nyanya moja, kisha mimina ndengu na maji yake.
4. Ponda upawa mmoja, koroga, tia chumvi, acha ichemke dakika kumi.
5. Kata sukuma na uitie mwishoni, au ikaange kando.

Kwa nini nusu ya ndengu? Kwa sababu bila friji, chakula kilichopikwa hakingoji siku nne. Pika mara mbili, na kilicholala kichemshe vizuri kabla ya kula. Kikinuka au kikitoa povu, kimwage tu.

Jambo moja la mwisho, na hili si la pesa. Ukipika kwa jiko la makaa, pikia nje au mlango na dirisha vikiwa wazi. Usiliingize chumbani ulale nalo hata kama kuna baridi ya Julai. Hewa ya sumu inayotoka kwenye makaa haina harufu, na inaua mtu akiwa usingizini.

Zoezi la leo

Chukua karatasi. Andika chakula unachokitamani, halafu mbele ya kila kiungo andika kazi yake na kitu kingine kinachoweza kuifanya. Kisha andika bei, jumlisha, na ulinganishe na salio lako. Ukimaliza ndipo ufungue simu. Na kama jirani wa chumba cha pili naye ana msoto, unganisheni unga wake na ndengu zako: sufuria moja, moto mmoja, na hakuna aliyekopa.