UMESINZIA, GARI LINAKWENDA!

Kijana, karatasi hii umepewa bure. Usiifungie karanga kabla hujaisoma.

Mtu anayetoka Iringa kwenda Njombe, akipanda basi la Mbeya, anajua lazima ashuke Makambako. Hapo ndipo inapochepuka barabara ya Songea. Sasa akipitiwa na usingizi, je, basi litamgombeza? Wala! Linaendelea zake moja kwa moja, lami tupu, muziki unapiga, abiria wenzake wametulia. Anakuja kushtuka yuko Igawa, na Njombe ameiacha nyuma. Hakuna aliyemteka. Hakukata shauri aende Mbeya. Alisinzia tu.

Ndivyo watu wanavyorudi nyuma kiroho. Soma Waebrania 2:1. Mwandishi hawaonyi watu waliomtukana Mungu. Anawaonya waliosikia habari njema kisha wakaacha kuzishika, wakachukuliwa kidogo kidogo.

Labda unasema, "Mimi sijawahi kuokoka, hayo ni ya walokole." Ngoja kwanza. Wengi wenu mlishawahi kunyoosha mkono kwenye mkutano kama huu. Mlilia, mkaombewa, mkaenda kanisani Jumapili mbili. Halafu?

Unaujua ulanzi. Mgema akiutoa kwenye mwanzi asubuhi ni mtamu, hata mtoto anakunywa. Uache mpaka kesho, mtu mzima anapepesuka. Nani ametia kileo? Hakuna. Umeachwa tu. Na moyo ulioachwa bila maombi, bila Neno, bila wenzako wa imani, unachacha wenyewe.

Mtazame Petro. Huyu alikuwa mwanafunzi wa karibu kabisa, tena mwenye maneno makubwa. Usiku ule Yesu alipokamatwa, Luka 22:54 inaonyesha kwamba Petro alimfuata, lakini kwa mbali. Na Yohana 18:18 inataja jambo ambalo mtu wa Njombe analielewa haraka: kulikuwa na baridi! Watumishi na askari walikuwa wamewasha moto wa makaa, Petro akasimama nao akiota. Kuota moto ni dhambi? Sio dhambi. Nani Njombe haoti moto mwezi wa saba? Ila ule ulikuwa moto wa watu waliomkamata Bwana wake. Pale pale, mikono ikipata joto, akamkana mara tatu.

Wewe unaota moto wa nani? Huenda ni kijiwe cha stendi Makambako, au rafiki mwenye pikipiki na hela za mbao anayekwambia, "Twende leo tu." Baridi ya upweke ni kali, naijua. Lakini angalia mwisho wake. Utafiti wa kitaifa wa 2016–2017 ulikuta kwamba mkoani Njombe, katika kila watu 100 wa miaka 15 na zaidi, zaidi ya 11 walikuwa na virusi vya UKIMWI. Hakuna mkoa uliozidi hapo. Sisemi kila mgonjwa ni mwenye dhambi. Wapo walioambukizwa na wenzi wao wa ndoa, wapo waliozaliwa navyo. Na kama unameza dawa, usiziache kwa sababu umeombewa! Endelea kumeza, endelea kuomba.

Petro hakuachwa pale. Fungua Yohana 21:9. Baada ya kufufuka, Yesu mwenyewe aliwasha moto wa makaa ufukweni, akaandaa samaki na mkate, akawaita wanafunzi wake wale. Kisha akamwuliza Petro mara tatu kama anampenda, sawa na idadi ya kumkana. Hakumfukuza. Alimpa kazi.

Aliyepitiliza Igawa hashindwi kurudi. Anashuka, anavuka barabara, anapanda gari la kurudi. Nauli inauma, aibu ipo, lakini kadiri anavyokaa ndivyo anavyozidi kwenda mbali. Shuka leo! Omba hivi kwa moyo wako wote:

"Bwana Yesu, nimesinzia nimepitiliza. Nisamehe dhambi zangu. Nakupokea uwe Mwokozi wangu. Nitoe kwenye moto usio wako, unipe watu wa kutembea nao. Amina."

Ukishaomba, usiondoke peke yako. Njoo mbele ya jukwaa, mwambie mhudumu unakaa mtaa gani, upate ndugu wa kusali nao kabla ya Jumapili.