Chakula cha Kamba wa Maji Baridi

Katika wilaya ya Bagerhat, kusini-magharibi mwa Bangladesh, wakulima hufuga kamba wakubwa wa maji baridi ndani ya mashamba ya mpunga. Huinua kingo za shamba, kisha huchimba mfereji kandokando yake. Mboga hupandwa juu ya kingo.

Kwa miaka mingi wakulima wengi wa huko waliwalisha kamba nyama ya konokono. Konokono waliokotwa mno, hata wakapungua vinamasini. Unga wa samaki nao ni ghali, na samaki wadogo ni kitoweo cha watu. Kwa hiyo chakula kitokanacho na mimea kina manufaa makubwa.

Vyakula vya mimea

1. Mashudu ya soya, karanga au haradali: yana protini nyingi ya kujenga mwili.
2. Pumba za mpunga na mahindi: huleta nguvu.
3. Unga wa muhogo: huleta nguvu, pia hushikamanisha chakula.

Chakula cha kamba wanaokua hutakiwa kuwa na protini gramu 30 hadi 35 hivi katika kila gramu 100. Mashudu ya soya yana gramu 44 hivi. Pumba za mpunga zina gramu 12 hivi. Pumba peke yake hazitoshi.

Tahadhari

Soya mbichi huzuia protini isisagwe vema tumboni. Ni lazima ipate moto kwanza. Mashudu yaliyoota ukungu yaweza kuwa na sumu.

Kamba hukua kwa kujivua gamba. Wakati huo mwili wake ni laini, na wenzake wenye njaa humla. Lakini chakula kikizidi huoza, oksijeni hupungua majini, na kamba hufa.

Jaribio: Kidonge kipi hudumu majini?

Vifaa: pumba, unga wa muhogo, maji, bilauri 2.

1. Pikeni uji mzito wa muhogo.
2. Kandeni pumba kidogo kwa uji huo. Kandeni nyingine kwa maji matupu.
3. Finyangeni vidonge, mvianike juani vikauke.
4. Tieni kila aina katika bilauri yake yenye maji.
5. Tazameni baada ya dakika 10, na tena baada ya saa 1. Andikeni mliyoyaona.

Kamba hula polepole. Hushika chakula kwa miguu na kukimega kidogo kidogo. Kidonge kikivunjika upesi, chakula hupotea na kuchafua maji.

Maswali

1. Kwa nini konokono walipungua Bagerhat?
2. Kuna hatari gani kamba wakipewa chakula kidogo mno? Na kingi mno?
3. Mkulima amechanganya kilo 1 ya mashudu ya soya na kilo 1 ya pumba. Kila gramu 100 za mchanganyiko zina protini gramu ngapi? Je, inatosha? Kama haitoshi, aongeze nini?