Ripoti ya Mwalimu na Mtu Mzima Mwenye Usonji

Madhumuni ya somo

Katika makala hii tunakusudia kumwonyesha mwalimu mwanafunzi jambo ambalo halisemwi mara nyingi vyuoni: kwamba maneno machache anayoyaandika katika ripoti ya mtoto wa darasa la pili yaweza kusomwa tena baada ya miaka thelathini au arobaini, mezani pa daktari, mtoto yule akiwa mtu mzima. Mfano wetu ni wa watu wazima wanaotafuta kujua kama wana usonji. Tutaeleza kwanza hali yenyewe, kisha sababu za kuchelewa kutambuliwa, kisha hatua za utambuzi, na mwisho kazi ya mwalimu.

Usonji ni nini?

Usonji si ugonjwa wa kuambukiza, wala hautokani na malezi mabaya. Ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza mapema sana na kudumu maisha yote. Dalili zake hugawanywa katika mafungu mawili. Fungu la kwanza lahusu mawasiliano na mahusiano: mtu hupata shida kupokezana mazungumzo, kusoma uso wa mwenziwe, au kuelewa fumbo na mzaha. Fungu la pili lahusu mazoea na hisi: kushikilia utaratibu ule ule, kurudiarudia mwendo au maneno, kuzama katika jambo moja, na kuumizwa na sauti, mwanga au mguso ambao wengine hawaujali.

Wapo wenye usonji wasiosema kabisa, wanaohitaji msaada kila siku. Wapo pia wanaosoma hadi chuo kikuu, wakaajiriwa na kulea watoto wao. Aghalabu ni hawa wa pili wanaofika utu uzima bila kutambuliwa.

Kwa nini utambuzi huchelewa?

Sababu ya kwanza ni historia ya elimu yenyewe. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alieleza habari za watoto 11 wenye hali hii. Mwaka 1944 Hans Asperger wa Vienna alieleza watoto waliosema vizuri lakini wakashindwa kuchangamana na wenzao. Maelezo hayo ya Kijerumani hayakujulikana sana kwa wasomaji wa Kiingereza mpaka Lorna Wing alipoyaeleza mwaka 1981. Katikati ya miaka hiyo, baadhi ya wataalamu waliwalaumu mama kuwa ubaridi wao ndio chanzo. Bernard Rimland aliipinga hoja hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1964. Mwaka 1980 ndipo mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani ulipoupa usonji nafasi yake wenyewe, na mwaka 2013 mwongozo huo ukaziunganisha aina zake mbalimbali chini ya jina moja. Basi mtoto aliyeanza shule mwaka 1975, akasema vizuri na kufaulu hesabu, angepimwa kwa kipimo gani?

Sababu ya pili ni kwamba wengi hujifunza kujificha. Mtoto huwaangalia wenzake, akaiga kicheko chao na salamu zao, akarudi nyumbani amechoka kupita kiasi. Wasichana hasa hupitwa kwa njia hii, kwa kuwa msichana mkimya huhesabiwa kuwa mwenye adabu.

Sababu ya tatu ni dhana kwamba usonji ni jambo la watoto. Lakini watoto hukua. Donald Triplett, mtoto wa kwanza katika maelezo ya Kanner, alizaliwa mwaka 1933, akafanya kazi benki katika mji wa Forest, Mississippi, na kufariki mwaka 2023.

Hatua za utambuzi

Tutazame Uingereza, ambako sheria ya mwaka 2009 ilihusu watu wazima wenye usonji, na mwongozo wa tiba ukafuata mwaka 2012. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayotoa jibu. Hatua ni hizi:

(a) Mtu humweleza daktari wa kawaida matatizo yake. Yaweza kutumika orodha fupi ya maswali 10, lakini orodha hiyo haikati shauri. Huonyesha tu kama inafaa kuendelea.

(b) Wataalamu waliofunzwa kazi hiyo huzungumza naye kwa kirefu na kumwangalia.

(c) Hutafutwa ushahidi wa utotoni, kwa sababu dalili sharti ziwe zilianza mapema, hata kama hazikuonekana waziwazi. Mzazi au ndugu huulizwa. Mwongozo ule wataja pia maandishi, na mfano unaotolewa ni ripoti za shule.

(d) Huchunguzwa hali nyingine, kama vile wasiwasi mkubwa au sonona, ambazo zaweza kufanana na usonji au kuwapo pamoja nao.

Safari hii si nyepesi. Wengi husubiri muda mrefu, na wengine huambiwa na jamaa zao kwamba wanatafuta visingizio. Katika nchi zetu mabingwa ni wachache, nao wengi wako miji mikubwa. Wala hakuna dawa ya kuuondoa usonji. Hata hivyo, aliyejiita mvivu au mkosefu kwa miaka mingi hupata maelezo ya kweli ya maisha yake, na aweza kumwomba mwajiri wake mahali patulivu au maagizo ya maandishi. Asiyetaka kuchunguzwa naye ana haki ya kukataa.

Kazi ya mwalimu

Hebu tulinganishe ripoti mbili za mtoto mmoja wa kubuni. Ya kwanza yasema: "Mkaidi, hapendi wenzake, ajirekebishe." Ya pili yasema: "Alipohamishwa dawati hakuandika neno siku nzima. Aliporudishwa mahali pake alimaliza hesabu zote. Kengele ikilia huziba masikio. Wakati wa mapumziko hupanga mawe peke yake kwa mistari." Ripoti ya kwanza yatueleza hasira ya mwalimu, ya pili yatueleza mtoto. Mzazi akiwa amefariki, huenda hiyo ya pili ikawa ushahidi pekee uliobaki. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Twashauri mambo manne:

1. Andika ulichokiona na kukisikia, si hukumu yako.
2. Taja wakati na mahali: je, ni darasani, uwanjani, au palipo na kelele?
3. Andika kilichomsaidia, ili mwalimu wa mwaka ujao asianze upya.
4. Usimpe mtoto jina la usonji wewe mwenyewe. Mwalimu si daktari. Mweleze mzazi kwa upole uliyoyaona, na umshauri ampeleke hospitali, apimwe masikio pia.

Twajua kwamba darasa lenye watoto wengi halimpi mwalimu nafasi ya kuandika kurasa. Hatudai kurasa. Sentensi tatu za kweli kwa muhula zatosha. Wala asingoje daktari ndipo amsaidie mtoto: kumwambia mapema kwamba ratiba itabadilika, au kumketisha mbali na kengele, hakuhitaji cheti.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini wataalamu hutaka kujua utoto wa mtu mzima anayechunguzwa usonji?
2. Taja sababu mbili zinazofanya wasichana wapitwe.
3. Geuza maneno haya yawe maelezo ya yaliyoonekana: "mtundu", "mzito", "mpweke".
4. Wakati wa mazoezi ya kufundisha, mwangalie mtoto mmoja kwa dakika kumi, uandike sentensi tatu zisizo na hukumu. Zisomeni chuoni bila kumtaja jina, mkasahihishane.